Kuteremka kwa nyutro hakuokoi mafuta

Ujumbe ule umerudi kwenye makundi ya mtandaoni: ukiteremka, weka nyutro (toa gari kwenye gia), petroli itadumu. Tafadhali usiusambaze. Ulikuwa na mantiki enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Magari mengi ya leo yanaongozwa na kompyuta: ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli, magurudumu yakaizungusha injini. Kwenye nyutro, injini huchoma mafuta ili isizime. Ule utulivu wa sauti ndio huwadanganya wengi.

Kama dashibodi yako huonyesha matumizi ya papo hapo, abiria wako aitazame mkishuka kutoka Limuru kuelekea Westlands, Nairobi: kwenye gia, lita hushuka hadi sifuri. Na mteremko mkali wa Mai Mahiu? Kwa nyutro, breki hubeba mzigo wote, zikapata moto hadi zinuke.