Temple of the Dog: nyimbo zile zile, albamu si ile ile

Niliagiza toleo la santuri mbili la Temple of the Dog, albamu pekee ya kundi la roki la Marekani lenye jina hilohilo, lile la 2016, nikaletewa CD ya 1991. Nilipolalamika muuzaji akanijibu, "Si nyimbo ni zile zile, kaka?" Ni kweli, nyimbo ni zile zile kumi. Lakini mimi kushinda studio nikichanganya sauti za watu ndiyo riziki yangu, na jibu hilo limenikaa kooni.

Albamu hii ilizaliwa na msiba. Machi 1990 Andrew Wood, mwimbaji wa kundi la Mother Love Bone la Seattle, Marekani, alifariki kwa heroini akiwa na miaka 24. Chris Cornell, mwimbaji wa kundi la Soundgarden, aliyewahi kukaa naye nyumba moja, akamtungia nyimbo mbili, "Say Hello 2 Heaven" na "Reach Down", akawapelekea Stone Gossard na Jeff Ament, wenzake Wood katika Mother Love Bone, wafiwa wenyewe. Matt Cameron wa Soundgarden akakaa kwenye drams, Mike McCready akashika gitaa. Eddie Vedder alikuwa ndiyo kwanza amekuja kutoka San Diego kujaribiwa uimbaji katika kundi jipya la kina Gossard, lililokuja kuitwa Pearl Jam. Cornell alikuwa akihangaika na sehemu ya sauti ya chini ya wimbo wa "Hunger Strike". Vedder akasogelea maikrofoni akaiimba, na ikabaki hivyo. Mwisho wa mwaka ule, kwa siku kama 15 tu, kazi ilikwisha London Bridge Studio, hukohuko Seattle, chini ya prodyuza Rick Parashar, ambaye alipiga pia piano na kinanda.

Leo tunaliita kundi la mastaa, ila albamu ilipotoka Aprili 1991 hata Ten, albamu ya kwanza ya Pearl Jam, ilikuwa bado. Ikapita kimyakimya. Mwaka 1992, Pearl Jam na Soundgarden zikiwa zimeshavuma, kampuni ya A&M ikaisukuma tena sokoni, ikapanda hadi nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard. Rekodi ni ileile iliyododa mwaka mmoja nyuma.

Sasa tuje 2016, albamu ilipotimiza miaka 25. Matoleo mengi ya kumbukumbu humastiwa upya tu: fundi anachukua wimbo uliokwisha kuchanganywa, anaung'arisha, anapandisha sauti kidogo. Hawezi kumvuta mwimbaji mbele au kumrudisha mpiga drams nyuma. Hapa prodyuza Brendan O'Brien alirudi kwenye mikanda ya awali, kila chombo na njia yake, akachanganya upya toka mwanzo. (Simaanishi rimiksi ya klabu, tafadhali.) Sikiliza "Reach Down", dakika 11, vaa hedifoni. Katika toleo la 1991 drams zinapiga kama ziko ndani ya ukumbi mtupu, mwangwi unazifuata. La 2016 ni kavu, na solo ndefu ya McCready imesimama mbele yako, unausikia hata ukali wa nyuzi.

Upande wa santuri hesabu ni nyepesi. Muziki ni kama dakika 55. Ukiubana kwenye santuri moja, kila upande unabeba dakika 27 na zaidi. Besi inataka mfereji mpana wa kuchezesha sindano. Mifereji ikisongamana, fundi anayeikata analazimika kushusha sauti na kupunguza besi, na nyimbo za karibu na katikati ndizo zinazoumia zaidi. Santuri mbili zinampa nafasi ya kupumua. Ndiyo maana nilizitaka, si kwa urembo.

Kasha kubwa la 2016 lenye CD mbili, DVD na Blu-ray ya sauti ya kuzunguka nimelisikiliza kwa rafiki. Zuri, lakini kama shida yako ni demo tu, yaani rekodi za majaribio, toleo la CD mbili linakutosha, pesa nyingine nunulia spika.

Santuri zangu zilifika baadaye. "Reach Down" siichezi tena kwingine. Tatizo ni "Say Hello 2 Heaven": Cornell anapopanda juu kule mwishoni, akimlilia mwenzake, ule mwangwi mwingi wa 1991 nautaka. Ile CD niliyoletewa kimakosa sikuirudisha.