Kadi ya sadaka haijui unamtumaini nani

Nimeisikia tena wiki hii msibani, kutoka kwa watu ninaowaheshimu: "Baba Mchungaji, marehemu alikuwa Mkristo safi. Ahadi alimaliza, jengo alichangia, jumuiya hakukosa. Kadi yake hii hapa." Ni ile kadi ambayo usharika huandika sadaka na ahadi za kila mshirika. Nimechoka kuijibu hoja hii kwa sentensi mbili nikiwa nimesimama, jeneza limeshatolewa nje na watu wanasubiri. Leo naijibu nikiwa nimekaa.

Juu ya marehemu mwenyewe sina neno. Huenda alimpenda Kristo kuliko mimi. Ninachokataa ni ushahidi ulioletwa.

Yale ambayo kila aliyepita darasa la kipaimara anayajua nitayapitia haraka. Imani ina mambo matatu: kuijua habari, kuikubali kuwa ni kweli, na kumtegemea yule ambaye habari inamhusu. Mawili ya kwanza hata mashetani wanayo. Yakobo anasema wanaamini na kutetemeka. La tatu ndilo linalomuunganisha mtu na Kristo, na kadi haina mstari wa kuliandika. Ubatizo, Neno, Meza ya Bwana na maombi ni njia ambazo Mungu huzitumia kuizaa imani hiyo na kuilisha. Sadaka ni tunda lake. Mtu anaweza kuwa na hayo yote mikononi bila kumtegemea Mungu hata kidogo. Mpaka hapo sijakutana na Mkristo wa dhehebu lolote anayebisha.

Ugomvi wangu unaanza tunapotoka nje ya darasa.

Mwaka 1528 Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, alishiriki kukagua sharika za Saxony, huko Ujerumani. Alikuta watu waliobatizwa, wanaokula Meza ya Bwana, wanaoitwa Wakristo na kila mtu, ambao hawakujua Sala ya Bwana, wala Imani ya Mitume, wala Amri Kumi. Wachungaji wengi nao hawakuweza kufundisha. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani. Dawa aliyoichagua inafaa kutazamwa vizuri: palipokuwa na dini isiyo na kitu ndani, alileta maneno ya kukariri, sala za asubuhi na jioni, na sala za mezani. Hakuna utaratibu alioufuta ili watu wabaki na moyo peke yake. Aliwapa utaratibu wenye chakula ndani yake. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo, akieleza Amri ya Kwanza, anauliza kuwa na mungu maana yake nini, kisha anajibu kwamba mungu wako ni yule unayetazamia mema yote kutoka kwake na kumkimbilia katika kila shida.

Sijapata kipimo kinachochoma kuliko hicho. Mtoto akipata homa isiyoeleweka, biashara ikidorora, ndoa ikikaa miaka bila mtoto, unakimbilia wapi? Wapo washarika ninaowafahamu vizuri ambao Jumapili wanasoma somo madhabahuni na katikati ya juma wanapigiwa ramli. Nimezungumza nao. Hawaoni mgongano wowote, kwa sababu kwao kanisa linashughulika na mbinguni na mazishi, na mganga anashughulika na yanayouma leo. Ni rahisi kuwaita wanafiki, ila mnafiki hujua kwamba anaigiza. Hawa wanaamini kwa dhati, wamegawa tu shida zao kwa wakubwa wawili, na Kristo akapewa zile zisizo na haraka.

Wala ugonjwa huu hauishi kwenye madhehebu ya zamani peke yake. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa injili, walipokuwa wakiyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa wayakanyage. Siwacheki. Walikuja na magonjwa, madeni na uchungu wa kweli, na Yesu hakumfukuza mwanamke aliyegusa pindo la vazi lake. Lakini alimtafuta katikati ya umati, akazungumza naye, akamwita binti. Hakumwacha aende zake akidhani nguvu ilikuwa kwenye kitambaa. Mafuta, maji na chumvi vinavyouzwa leo kwenye chupa na pakiti vinamwacha mtu palepale kwenye kitambaa, tena vinamlipisha.

Sasa kwetu, na hapa nitakaa.

Watu hawakuota kwamba kadi ni ushahidi wa imani. Tuliwafundisha sisi. Tumetangaza majina ya waliomaliza ahadi na kuyanyamazia ya wengine. Msiba ukitokea, swali la kwanza kwa mzee wa mtaa ni "alikuwa hai kwenye kadi?", na familia ambayo haijafuta machozi inaanza kupekua makabati kutafuta bahasha. Mtu akiona hivyo tangu utotoni, utamlaumu vipi akihitimisha kwamba mlango wa mbinguni una mhasibu?

Kisha kuna kumtenga mtu na usharika kwa sababu ya dhambi. Ninaiamini nidhamu ya kanisa. Mathayo 18, inayoagiza kumwonya ndugu aliyekosa, ipo, na kanisa lisiloweza kumwambia mtu "hapa umepotea" halimpendi. Lakini tazameni tunamtenga nani. Binti aliyepata mimba, ndiyo. Wanaoishi pamoja bila ndoa kubarikiwa, ndiyo, hata kama kilichowachelewesha ni mahari na gharama za sherehe. Aliyemnyang'anya mjane wa kaka yake shamba? Sijawahi kuona. Anayewalipa vibarua nusu ya walichopatana na Jumapili akaongoza mnada wa mazao? Huyo tunampa kipaza sauti. Tunahukumu dhambi zinazoonekana kwa macho, zenye tumbo au zenye mashahidi wa mtaani, na hivyo tunawafundisha watu kwamba Ukristo ni kutoonekana. Binti naye atarudi kundini kwa kusimama mbele ya usharika na kujibu maswali yaliyoandikwa. Baadhi yao hulia toba ya kweli pale mbele. Wengine hulia aibu. Mimi ninayewashika mkono siwezi kutofautisha machozi hayo, na nina mashaka makubwa kama utaratibu wenyewe unaweza.

Nabii Amosi alilisikia jambo hili kwa Mungu kwa ukali ambao hatuthubutu kuusoma siku ya mavuno: "Mimi nazichukia sikukuu zenu, nazidharau." Watu aliowaambia hivyo walikuwa wahudhuriaji hodari, wenye nyimbo na sadaka za kunona, na walikuwa wakimkanyaga maskini. Sikukuu ziliwekwa na Mungu mwenyewe. Alizichukia zilipotumika kumfunika macho.

Hapo ndipo wale wa upande wa pili wanaponipigia makofi, na makofi yao yananikera kuliko kadi. "Umesema kweli, Mchungaji! Ukristo si dini, ni uhusiano. Mimi nina Yesu moyoni, ibada za nini?" Ndugu yangu, Luka 4:16 inasema Yesu aliingia sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake". Mwana wa Mungu alikuwa na desturi. Kornelio wa Matendo 10 alikuwa mtu wa sala na sadaka, na malaika alimkuta katika saa yake ya kuomba. Uhusiano usio na saa, usio na mahali, usio na watu wengine wa kukuudhi, una hatari ya kuwa mazungumzo yako na nafsi yako. Halafu nikiangalia kwa makini, naona mwenye kadi na mwenye "Yesu moyoni" wamefanana. Mmoja anaegemea alichotoa, mwingine anaegemea anachohisi, na wote wawili wamejishika wenyewe.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, anatufaa hapa. Akiwa Oxford yeye na wenzake walifunga Jumatano na Ijumaa, wakatembelea wafungwa, wakashiriki Meza ya Bwana kila juma. Tayari alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Akaenda Georgia, Marekani, kuwa mmisionari, akarudi amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei 1738, kwenye kikundi kidogo katika mtaa wa Aldersgate, London, mtu alikuwa akisoma dibaji ya Luther kwa Waraka wa Warumi, na Wesley akaandika kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu, akajua anamtumaini Kristo peke yake kwa wokovu. Wahubiri huishia hapo. Mimi huendelea, kwa sababu Januari 1739, miezi michache tu baadaye, huyohuyo Wesley aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Joto lilikuwa limepoa, akajipima, akajiona mtupu. Na katika maisha yake yote hakuacha kuomba kwa saa, kushiriki Meza ya Bwana wala kufunga. Kama imani ingekuwa ni lile joto, angeipoteza kabla mwaka haujaisha.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna habari yetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwenye hospitali na shule ya misheni ya Kianglikana, haukuwalenga wapagani. Uliwalenga waliobatizwa. Blasio Kigozi, mwalimu kutoka Uganda, aliona kanisa limelala, na ujumbe wake ulikuwa neno moja la Kiganda, "Zukuka", amka. Alifariki Januari 1936, lakini moto uliendelea kuenea Uganda, Kenya na Buhaya, Tanzania. Watu walikiri dhambi hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na mahasimu. Hilo la kurudisha ndilo hunishawishi. Machozi yanaweza kuigwa, lakini kumrudishia mtu mali yake ambayo hakujua ni wewe uliyeichukua, hilo lina mkono wa Mungu. Kenya, wakati wa Mau Mau, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji na walikataa pia kupokea bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa.

Lakini hata Uamsho ulizaa kadi yake. Ushuhuda ukapata umbo: nilikuwa hivi, tarehe fulani nikaokoka, sasa niko hivi. Asiyeweza kutaja tarehe akatazamwa kwa wasiwasi. Baadhi ya makundi yakaanza kupimana kwa mavazi na kwa nani amekopa fedha. Nimewasikia vijana wakisimulia wokovu wao kwa maneno ya ushuhuda wa mtu mwingine kabisa, kwa sababu walijifunza kwamba hivyo ndivyo inavyosemwa.

Na kuna jambo ambalo siwezi kulipita nikiitaja Rwanda. Katika sensa ya 1991 karibu watu tisa kati ya kumi nchini humo walijiandikisha kuwa Wakristo. Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, wakauawa humohumo. Wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Wengine walikuwa wakiketi benchi moja na waliowaua. Nimewasikia watu wakimaliza hoja haraka kwa kusema, "Hao hawakuwa Wakristo wa kweli." Jibu hilo linanitisha kwa jinsi lilivyo rahisi. Machi mwaka ule ungeniuliza, ningekuonyesha sharika zilizojaa, kwaya, vipaimara, na ningemsifu Mungu. Mimi na wewe tungekuwa na kadi zetu zimejaa vilevile.

Gisenyi palikuwa na Félicité Niyitegeka, mtumishi katika shirika la Kikatoliki la kina mama. Alikuwa Mhutu, akawaficha Watutsi, akawavusha wengine mpaka Kongo. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa, naye akakataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Maisha yake yote yalikuwa ya sala na nidhamu ya shirika. Wanaosema taratibu za dini huua imani waniambie zilimuulia imani mama huyu saa ngapi. Ninavyoamini mimi, sala zile za kila siku zilikuwa zimeshalijibu kwa miaka mingi lile swali la Luther, unakimbilia kwa nani, hata siku ile ilipofika hakuhitaji kutafuta jibu.

Basi nitajuaje nani ana imani? Sijui. Vitabu vya mafunzo vinatoa alama, yaani toba, upendo, matunda ya Roho, nami huzifundisha. Lakini Mathayo 7 inanizuia nisizitumie kama mizani ya kuwapimia wengine, maana wale waliotoa pepo na kufanya miujiza waliambiwa, "Sikuwajua ninyi kamwe." Kila mwaka ninawawekea mikono vijana wa kipaimara, darasa zima, Jumapili moja, kana kwamba Roho Mtakatifu anafuata kalenda ya usharika. Wanajibu "ndiyo" kwa sauti moja. Baadhi yao sitawaona tena mpaka harusi. Je, tuwasubiri mpaka kila mmoja awe tayari? Nani atapima utayari huo, na kwa kadi gani mpya? Nimelizungusha swali hili miaka mingi, na bado ninawawekea mikono, kwa kuwa ahadi inayotamkwa juu yao ni ya Mungu na haisubiri wastahili.

Mwisho, kwa wanaoniandikia kwamba wanahudhuria lakini ndani hawasikii kitu, na wanaogopa kwamba wao ndio wale wa dini tupu. Asiye na imani ni mara chache sana hushindwa kula kwa hofu hiyo. Yule baba wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku hiyohiyo kwa imani yenye nyufa namna hiyo. Msikae nyumbani mkisubiri moyo upate joto kwanza. Tomaso alitangaza wazi kwamba hasadiki Yesu amefufuka, lakini siku nane baadaye alikuwa chumba kimoja na wenzake, na humo ndimo Bwana alimomkuta.