Ukijitolea kuchora nyumba Mtwara, chora ya msimu kwa msimu

Huku kusini asiye na makazi huwezi kumkuta amelala barazani mwa duka. Yuko ndani ya nyumba ya mtu. Bibi ambaye ukuta wake umeanguka wakati wa mvua anahamia kwa mtoto wa dada yake, wanalala sita chumba kimoja, na mpita njia anaona kila mtu ana paa. Mimi ni msanifu majengo, nafanya kazi hapa Mtwara, na sehemu ya muda wangu nachorea familia za namna hiyo bila malipo. Wasanifu vijana wananiuliza sana waanzie wapi, na jibu langu huwa refu mno kwa simu, kwa hiyo naliandika.

Usianze na ramani ya nyumba iliyokamilika. Mkulima wa vijijini hapa anashika pesa ya maana mara moja kwa mwaka, korosho zinapopigwa mnada kuanzia Oktoba. Pesa hiyo inalipa madeni ya dukani, ada, sare za watoto na dawa ya mikorosho. Inayobaki inanunua mifuko michache ya saruji au mabati kadhaa. Ndiyo maana nyumba inajengwa vipande vipande: mwaka huu msingi, mwakani boma, yaani kuta bila paa, kupaua Mungu akijalia. Pita Tandahimba au Newala uone maboma yalivyo mengi, mengine miti imeota sebuleni. Bibi mmoja wa Naliendele alinionyesha ramani aliyochorewa na msamaria mwema, vyumba vitatu, sebule na veranda. Akaniuliza, "Mwanangu, ni nzuri kweli. Sasa mvua za mwaka huu nalala wapi?"

Swali hilo limewahi kupatiwa jibu mbali na hapa. Mjini Iquique, Chile, mwaka 2004, msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental walipewa ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, ilipie kiwanja, miundombinu na nyumba yenyewe. Haikutosha nyumba nzima. Wakajenga nusu, na wakachagua ile nusu ambayo familia ingeshindwa kuijenga vizuri peke yake: jiko, bafu, ngazi, kuta nene za kutenganisha majirani. Nafasi iliyobaki wenyewe waliijaza pesa ilipopatikana. Mwaka 2016, Aravena alipopewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, waliziachia ramani nne za namna hiyo zichukuliwe bure na yeyote. Sishauri kuzinakili huku, kwa sababu zilichorwa kwa ajili ya mji wenye ardhi ghali. Chukua swali lao: ni sehemu gani familia hii haitaiweza bila mtaalamu?

Kwa Mtwara najibu bila kusita: msingi na paa. Kuta za miti na udongo watu wanazijua kuliko mimi. Kwa hiyo mchoro wangu wa mwaka wa kwanza ni chumba kimoja chenye msingi mzuri na paa zuri, mtu ahamie, na upande mmoja kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zimepangwa ili chumba cha pili kiungwe bila kubomoa kitu.

Msingi kwanza. Piga magoti pale ukuta wa udongo unapokutana na ardhi. Mara nyingi utakuta umelika kwenda ndani kiasi cha kiganja, fito ziko wazi, na juu ya fito kuna mstari mwembamba wa udongo, njia ya mchwa. Maji yanadondoka kutoka kwenye upenu mfupi, yanaruka, yanakula ukuta huohuo kila mvua mpaka siku ukuta unapoanguka. Dawa yake ni mawe yaliyojengwa sentimita 40 juu ya ardhi na upenu wa sentimita 90. Nimeona watu wakinunua rangi kabla ya kurefusha upenu, na inaniuma.

Paa nalo lifungwe. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Mei 2024 ikaja Hidaya, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Upepo unaanza kuinua bati pembeni, kwa hiyo misumari ya pembeni ipigwe karibu karibu, na kenchi zifungwe kwa nondo iliyotoka ndani ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Msumari peke yake hautoshi.

Paa hilohilo linaleta maji. Kwenye nyanda za Makonde maji ni taabu, na mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 50 ni lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Chora mfereji na mahali pa tangi tangu mwanzo, hata kama tangi litanunuliwa mwaka wa tatu.

Kuhusu afya hatuna haja ya kubahatisha. Mradi wa Star Homes ulijenga nyumba 110 katika vijiji 60 vya mkoa huu: vyumba vya kulala juu, kuta za nyavu zinazopitisha upepo, milango inayojifunga yenyewe. Watoto waliokaa humo waliugua malaria na kuhara kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Ghorofa hatutaiweza kwa pesa ya korosho za ekari mbili. Nyavu madirishani na kuziba uwazi kati ya ukuta na bati tunaviweza, kwa kuwa mbu wengi wanapita hapo.

Halafu kuna kuwajibika. Ramani ya bure ikianguka, imeanguka ramani yako. Kama hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, na kwenye maeneo yaliyopimwa kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri kama kwa mteja anayelipa. Bibi hastahili kubomolewa kwa sababu sisi tulimsaidia nusunusu.

Marekani shirika la Public Architecture liliziomba ofisi za wasanifu zitoe asilimia moja ya muda wao, yaani kama saa 20 kwa mwaka kwa kila mtu. Ukinipa saa hizo 20, nitakuomba nne tu uzitumie kwenye meza ya kuchorea. Zilizobaki zigawe: siku fundi anapochimba msingi, na siku kenchi zinapopanda. Uwepo saiti siku hizo mbili, na uongee na fundi mwashi na seremala, maana chumba cha pili watakijenga wao, na wewe hutakuwepo.