"Kodi na bili ndani" Mombasa: yanayosemwa na yaliyopo

Msimu wa likizo ukikaribia, jamaa wa bara hunipigia simu: kuna nyumba ya bei nafuu karibu na bahari, maji na stima ndani ya kodi? Zipo. Nimekaa katika moja, Bamburi. Ila yapo mambo watu huyachukua kuwa kweli na siyo.

"Maji yamo, basi nimemaliza." Maji gani? Siku niliyokwenda kuangalia nyumba ile nilifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, nikaridhika. Jioni ya kwanza sabuni ikagoma kutoa povu na chai ikawa ya chumvi. Yalikuwa maji ya kisima. Bili ilikuwa ndani kweli, lakini kila siku nilinunua dumu la lita 20 kwa mwenye mkokoteni, nipate ya kunywa na kupikia. Tangu hapo sendi kuangalia nyumba bila kipande cha sabuni mfukoni. Hata maji matamu ya mfereji husafiri mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, kwa hiyo huja kwa zamu. Uliza huja siku gani, kisha inua macho uone kama kuna tangi juu ya paa.

"Stima ikiwa ndani, tumia upendavyo." Mwenye nyumba alipopanga kodi alihesabu taa, feni, friji na simu. Kiyoyozi hata kidogo kikikazana kwenye joto la kaskazi chaweza kula karibu uniti moja kwa saa, wakati feni ya darini huzunguka saa kumi na zaidi kwa uniti hiyo hiyo. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Mkubaliane ni uniti ngapi kwa mwezi, zikizidi nani hulipa, na iandikwe kwenye mkataba. Neno la mdomo halitakusaidia miezi mitatu baadaye.

Wala si kweli kwamba bili ndani ni nafuu siku zote. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Nyumba sita zikiwa kwenye mita moja, hata kila moja ikitumia uniti 20 tu, kwa pamoja ni 120 na mita iko ngazi ya juu kabisa. Gharama hiyo mwenye nyumba huirudisha kwenye kodi. Ukiishi peke yako na hupiki kwa stima, mita yako ya tokeni huenda ikakufaa zaidi.

"Karibu na bahari lazima iwe ghali." Vuka barabara ya Malindi uingie Mtopanga au Kiembeni, kodi hushuka, na ufuo wa Pirates bado hauko mbali.

Diposti nayo si kodi ya mwezi wa mwisho. Piga picha kuta na mabomba siku unayoingia.

Na yule wakala anayesema "tuma pesa nikushikie, kuna mwingine anaitaka", usimtumie hata shilingi. Nenda mwenyewe au mtume ndugu, aongee na mpangaji wa mlango wa pili. Mama anayeanika nguo pale uani atamweleza habari za maji na stima ambazo wakala hatazitaja.