Bonde la Semuliki lilivyopata sura yake

Ukitoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, kwenda Bundibugyo, ukishaipita Karugutu barabara inaizunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori. Mlima unakaa mkono wa kushoto. Kulia bonde zima linafunguka: msitu wa kijani kizito, nyasi za manjano upande wa kaskazini, mto unaojipinda katikati ya tambarare, na ng'ambo yake vilima vya Kongo vyenye rangi ya moshi. Enzi za vumbi na kona za kutisha, abiria alitazama apende asipende, maana gari lilikuwa linatambaa. Sasa kuna lami, na wengi wanafika Bundibugyo mjini hawajageuza hata shingo.

Makala hii imeandikwa kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya wenyeji wa Nyahuka, Ntandi na Ntoroko, ambao kila wakituona na vyombo vyetu vya kupimia ardhi hutuuliza kwa Kiswahili cha mpakani: "Wazee, mnatafuta dhahabu?" Hapana. Tunatazama kitu kilekile wanachokiona kila asubuhi wakifungua mlango, ila tunakitazama kwa swali moja: kwa nini mlima na bonde vimekaa hivi vilivyokaa?

Watu wengi hudhani kwamba bonde hili lilichimbwa na mto. Kuna mabonde ya namna hiyo, na Uganda tunayo mengi, lakini hili si mojawapo. Mto Semuliki umelikuta bonde tayari. Ardhi ya upande huu wa Afrika inavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, kwa kasi ya milimita chache tu kwa mwaka. Kwa mamilioni ya miaka, milimita hizo zimepasua miamba, na kipande cha katikati kimedidimia kikiacha kuta mbili zimesimama kila upande. Hilo ndilo Bonde la Ufa, tawi lake la magharibi, na Semuliki ni kipande chake kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert.

Rwenzori nayo inapotosha wageni. Mtu akisikia mlima mrefu wa Afrika Mashariki wenye theluji, akili inakwenda Kilimanjaro, inakwenda kwenye volkano. Rwenzori si volkano. Ni bonge la miamba ya kale sana, yenye umri unaozidi miaka bilioni moja, lililosukumwa juu kati ya nyufa kubwa za ardhi hadi kilele chake cha Margherita kikafika mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde chini yake iko kwenye mita 700 hivi. Kutoka kileleni hadi kwenye tambarare ya mto, ukipima kwa mstari ulionyooka, hufikishi kilomita 50. Tofauti kubwa namna hii ya kimo katika umbali mfupi hivyo ni nadra barani Afrika, na ndiyo inayomfanya dereva mgeni asimamishe gari akatafute simu apige picha. Aje asubuhi na mapema. Ikifika saa nne mawingu huwa yameshafunika vilele, na mlima unaweza kujificha kwa siku nyingi mfululizo.

Kabla Rwenzori haijapanda kufikia kimo hicho, eneo la maziwa Albert na Edward lilikuwa na ziwa moja refu, ambalo wanajiolojia huliita Obweruka. Mlima ulipoinuka ulilikata. Ushahidi uko ardhini: tabaka za udongo na mchanga zenye magamba ya konokono wa majini, sehemu ambazo leo hakuna hata dimbwi. Mashapo hayo yamelundikana kwa unene wa kilomita kadhaa, maana kila sakafu ilipodidimia, mito ya milimani ilijaza upya. Tambarare unayoiona ni juu tu ya ghala hilo. Upande wa kaskazini, kandokando ya Ziwa Albert, mashapo ya aina hiyohiyo ndiyo yaliyohifadhi mafuta ambayo Uganda ilithibitisha mwaka 2006 kwamba yanatosha kuchimbwa kibiashara.

Sasa shuka hadi Sempaya, kwenye chemchemi za maji moto. Chemchemi mashuhuri ni mbili. Ya kike, Nyansimbi, inarusha maji yanayotokota kupitia tundu dogo kwenye mwamba mweupe. Ya kiume, Bintente, ni dimbwi pana lenye mvuke, lililo mbali kidogo kupitia msituni na matopeni. Wenyeji husimulia habari za mwanamume aliyekwenda kuwinda akapotea, mkewe akamfuata naye asirudi, na mahali walipopotelea pakatoka maji. Sisi tuna hadithi yetu, ndefu kidogo. Mvua inanyesha Rwenzori, maji yanapenya kwenye nyufa, yanashuka hadi kina chenye joto kali, kisha yanapanda kwa haraka kupitia ufa mkubwa ulio kwenye mguu wa mlima. Njiani yanayeyusha chumvi na chokaa, ndiyo maana kandokando ya tundu kuna ganda jeupe. Katika gesi inayotoka pamoja na maji imepatikana heliamu ya aina inayotoka chini kabisa ya gamba la dunia. Kwa hiyo ufa huu ni mrefu kwenda chini kuliko unavyoonekana.

Utasikia watembeza wageni wakitaja nyuzi 103 za Selsiasi, hata zaidi. Nawaheshimu, kazi yao ni ngumu na wanaijua misitu kuliko mimi, lakini namba hiyo naomba tuiache. Kwenye kimo cha mita 700 maji huchemka kabla ya kufika 100, na vipimo vya kitaalamu vya Sempaya viko kwenye nyuzi 98 hivi. Hizo zinatosha kuivisha yai au ndizi ya matoke mbele ya macho yako, na zinatosha pia kukuunguza mguu hadi mfupani. Ganda jeupe linaonekana gumu, lakini kuna sehemu ambako chini yake ni maji yanayotokota tu. Fuata njia iliyowekwa, na watoto washikwe mkono.

Msitu unaozunguka chemchemi ndio Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, iliyotangazwa mwaka 1993, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 220. Kijiografia ni mkono wa msitu wa Ituri wa Kongo uliovuka mto ukaingia Uganda, na humu mti wa muhimbi unatawala. Ni mti mgumu sana. Fundi seremala akiuona hubadilisha msumeno. Ndege wa hapa wanawavuta wapenzi wa ndege kutoka pande zote za dunia, kwa sababu makumi ya aina zilizozoeleka Kongo hazionekani kwingine kokote Afrika Mashariki isipokuwa hapa. Hondohondo utawasikia kabla ya kuwaona: mbawa zao zinavuma wakiruka.

Jambo ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi ni hili. Kutoka msitu huo, nenda kaskazini kuelekea Ntoroko. Baada ya mwendo mfupi miti inakwisha na unaingia kwenye mbuga ya nyasi, nchi ya swala aina ya kob aliye kwenye nembo ya taifa letu, na ya Batuku wafugaji wa ng'ombe. Bonde ni lilelile na kimo karibu ni kilekile, ila maji ni mengine. Kusini, mlima unakamata mawingu na kuyakamua. Mito mingi mifupi inashuka, na sakafu haina mteremko wa kuyaondoa maji haraka, hivyo msitu hufurika misimu ya mvua. Kaskazini mlima umeisha, mawingu hayana kitu cha kuyazuia, na ardhi ni kavu zaidi. Kwa hiyo mpaka kati ya msitu na nyasi umechorwa na mlima, hata kama shoka na moto wa wafugaji vimeusogeza hapa na pale.

Kati ya msitu na mlima kuna ukanda wa tatu, ambao vipeperushi vya utalii huwa vinaupita kimyakimya: mashamba ya kakao. Bundibugyo ni nchi ya kakao. Msimu ukifika, mbegu zinaanikwa kila mahali penye jua, uani, kandokando ya barabara, na harufu yake kali ya uchachu inakupokea kabla hujaona nyumba. Mkakao unapenda joto, unyevu na kivuli, na vyote vitatu bonde limevitoa bure. Kwa macho yangu, mteremko wenye mikakao chini ya miti mirefu ni mzuri kama msitu wenyewe, na unashikilia udongo kuliko mteremko uliolimwa ukaachwa wazi.

Kuhusu mto: Semuliki unatoka Ziwa Edward, lililo kwenye mita 900 na kitu, unaingia Ziwa Albert, lililo kwenye mita 600 na kitu. Sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliowekwa na Waingereza na Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20. Walichagua mto kwa sababu ni rahisi kuuchora kwenye ramani. Ila mto wa tambarare yenye mashapo laini hautulii. Unakula ukingo wa nje wa kila kona na kutupa mchanga upande wa ndani. Mwaka wa mafuriko unaweza kukata kona nzima na kujifanyia njia mpya. Mifugo ikinywa maji mahali pamoja kila siku, kwato zinavunja ukingo na mto unamaliza kazi. Mfugaji wa Ntoroko anayepoteza malisho kwa njia hii hapotezi nyasi tu. Anabaki pia na swali la kama ardhi yake ya jana bado iko Uganda. Kuacha matete na vichaka vya ukingoni visimame, na kuwapangia ng'ombe sehemu chache za kunywea zilizowekewa mawe, ni ulinzi wa bei ndogo kuliko mwingine wowote ninaoujua.

Swali la theluji huulizwa kila mahali, basi nilijibu. Barafu ya Rwenzori ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 7 mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi alipopanda vilele vyake. Leo imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Hasara hiyo ni kubwa, na Bakonzo wanaouheshimu mlima wanaihisi zaidi yetu. Lakini mito ya bonde haitakauka barafu ikiisha, kwa sababu barafu inachangia sehemu ndogo sana ya maji yake. Yanayoilisha ni mvua na vinamasi vya juu mlimani vinavyoachia maji polepole. Anayetaka kulinda maji alinde hivyo vinamasi na misitu ya miteremko.

Ardhi iliyodidimia jana haijaacha kudidimia leo. Tarehe 20 Machi 1966, kabla ya kucha, tetemeko lenye ukubwa uliozidi 6.5 lilipiga eneo hili la Toro na Bundibugyo, likaua zaidi ya watu 100. Februari 1994 lilikuja jingine karibu na Fort Portal, dogo kidogo. Yatakuja mengine, na hakuna mtu duniani anayeweza kukutajia tarehe. Ukiletewa ujumbe wa simu wenye saa kamili ya tetemeko, ufute. Kinachoua ni ukuta. Nyumba ya miti na udongo hucheza na kuachia vumbi. Ya matofali yasiyofungwa huanguka nzima nzima. Ukijenga kwa matofali, mwambie fundi afunge kuta zote kwa mkanda wa zege wenye nondo chini ya paa, na pembe za nyumba zifungamane.

Hatari inayorudi mara nyingi zaidi ni maji ya mlima. Desemba 2019 mvua kubwa iliteremsha matope na mawe juu ya vijiji vya Bundibugyo, watu wakafa, nyumba na mashamba yakafunikwa. Ukitafuta kiwanja chini ya mlima, kwanza tazama mawe yaliyomo ardhini. Yakiwa ya mviringo, makubwa, yamechanganyika na mchanga ovyo ovyo, yaliletwa na mafuriko, na njia iliyoyaleta iko wazi bado hata kama leo kuna kijito cha kuruka kwa hatua moja. Panda kidogo uone kijito kinatokea korongo gani. Kisha muulize mzee wa jirani, siyo dalali, ni lini mara ya mwisho maji yalifika hapo, na yalifika wapi.