Naitriki oksidi si dawa ya kumbukumbu ya nyuki

Nimeulizwa tena, hapa hapa Tabora, mara tu baada ya somo: "Mwalimu, ile gesi ya kumbukumbu, tukiichanganya kwenye maji ya sukari si nyuki hawatapotea tena?" Na darasa zima likatikisa kichwa kuunga mkono. Basi leo naandika, nichoke mara moja.

Madogo tuyamalize haraka. Gesi hiyo, naitriki oksidi (NO), siyo gesi ya kuchekesha ya daktari wa meno. Ile ni N2O. Ndiyo, NO hutanua mishipa yetu ya damu, na Furchgott, Ignarro na Murad walipata Nobeli mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Lakini damu ya mdudu inazagaa tu mwilini, na oksijeni anaipata kwa mirija ya hewa. Habari za mishipa ziacheni hospitalini.

Kinachoniudhi hasa ni ule mchoro wa jinsi seli za neva zinavyopeana ujumbe: seli ya kwanza, mshale, seli ya pili. NO haina mshale! Haiwekwi akiba kwenye vifuko kama asetilikolini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe kati ya neva. Kalisi ikipanda ndani ya seli, kimeng'enya kinaitengeneza papo hapo kutoka kwenye arijinini (asidi amino), nayo inapenya utando na kutoka pande zote. Jirani akikaanga vitunguu, harufu haibishi hodi, ila anayeshtuka ni mwenye njaa. Mwenye njaa hapa ni seli yenye kipokezi kiitwacho guanilili saiklesi: kikishikwa na NO kinatengeneza cGMP, kemikali ya kubeba ujumbe ndani ya seli, na kuanzia hapo kila seli ina yake. Seli ya pembeni isiyo na kipokezi hicho inapitiwa tu. Kwa hiyo ujumbe haumo kwenye gesi. Umo katika nani anapokea, na saa ngapi. Ukiimwaga kwenye maji ya sukari itakutana na oksijeni, igeuke nitriti, na nyuki wako ameambulia sukari. Kama wanapotea, ulizeni kwanza shamba la tumbaku la jirani linapuliziwa nini.

Hilo jina la "gesi ya kumbukumbu" limetokana na majaribio ya mtafiti Uli Müller miaka ya 1990. Nyuki anafungwa kwenye kijibomba, kichwa nje. Anapewa harufu, kisha tone la sukari linaguswa kwenye papasi, ulimi unachomoza. Rudia mara tatu. Kesho yake harufu peke yake inautoa ulimi. Zuia kimeng'enya cha NO wakati wa kumfundisha: somo analishika vilevile, muda mfupi baadaye bado analo, ila kesho kumbukumbu imedhoofika. Yaani NO inasaidia kujenga kumbukumbu ya muda mrefu. Kujenga, siyo kuwa kumbukumbu yenyewe.

Halafu mwaka 2019 Yoshinori Aso na wenzake wakaonyesha kwamba kwa nzi wa matunda baadhi ya neva zinazotoa dopamini (kemikali nyingine ya ujumbe wa ubongo) hutoa pia NO, na NO hiyo inavuta kinyume cha dopamini: kumbukumbu inafupika, inapisha mpya haraka zaidi. Kwa nyuki inajenga, kwa nzi inabomoa? Wengine watasema ni sehemu tofauti za ubongo. Sawa, lakini mimi bado sijaridhika, na vitabu vya darasani vinamtaja nyuki na kumnyamazia nzi.

Na zile picha za ubongo wa mdudu zenye bluu ya kupendeza, ambazo kila mtu anazibandika kwenye mada yake, zinaonyesha mahali kilipo kimeng'enya chenye uwezo wa kuigeuza bluu rangi inayotiwa kwenye ubongo huo. Kama gesi ilitoka pale nyuki alipokuwa anajifunza, bluu haisemi.