Fomu ya ridhaa ndiyo ninayoisoma kwanza

Andiko la utafiti likifika kwenye kamati ya maadili, mimi huanza na fomu ya ridhaa ya Kiswahili, ile ambayo mshiriki husaini kukubali kushiriki, kabla ya malengo na bajeti. Mshiriki hataliona andiko; ataiona fomu hiyo. Inasikitisha basi kwamba mara nyingi ndiyo huandikwa mwisho, kwa haraka.

Chukua sentensi hii ya utafiti wa kujaribu dawa: "Utapangiwa kundi kwa bahati nasibu." Mtafiti anadhani ameeleza. Msomaji wa Mbagala au Likoni anaona tiketi na zawadi, na akiangukia kundi la kulinganisha, lisilopewa dawa inayojaribiwa, atajihesabu ameshindwa. Andika: "Kompyuta itachagua kundi lako. Wewe huchagui, daktari hachagui." Kidonge cha kulinganishia nacho kielezwe wazi: kinafanana na dawa, lakini ndani hakina dawa. Penye "mililita 5 za damu" ongeza "kijiko kimoja cha chai", maana damu huzusha maneno mtaani upesi sana. Taja itapimwa nini, itatunzwa muda gani, na kama itavuka mpaka. Ikivuka, kamati itadai mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi zote mbili.

Tafsiri ya Kiswahili irudishwe Kiingereza na mtu mwingine ambaye hajaona fomu ya awali. Hapo ndipo utagundua kuwa "unaweza kujitoa wakati wowote" iliandikwa "unaweza kutolewa". Silabi chache tu, na haki ya mshiriki imehamia mikononi mwa mtafiti.

Asiyejua kusoma asomewe fomu yote mbele ya shahidi, aulize, kisha aweke dole gumba. Shahidi asaini na kuandika tarehe. Shahidi huyo asiwe karani wa utafiti wala muuguzi aliyeajiriwa na mradi, kosa ninaloliona mno. Nakala moja ibaki kwa mshiriki, ikiwa na simu ya mtafiti na ya kamati.

Barua ya mwenyekiti wa kijiji inakufungulia njia ya kuingia kijijini, basi. Haitoi ridhaa kwa niaba ya mtu yeyote. Mtoto, hata mzazi akikubali, naye aulizwe kwa lugha ya umri wake, na akikataa aachwe.

Nauli ya mshiriki: andika kiasi kamili. Kama safari ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000 nawe unatoa 50,000, tutakuuliza mtu maskini atakataaje.

Kuhusu vibali, Tanzania Bara kibali cha kitaifa cha utafiti wa afya hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, huombwa ukiwa tayari na kibali cha kamati iliyoidhinishwa. Angalia tarehe ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja, na uombe kuongezewa muda mapema. Na usianze kabla ya barua ya kibali. Mahojiano 40 yaliyofanyika wiki moja kabla ya kibali hayawezi kuhalalishwa baadaye, hata kama washiriki wote 40 walisaini.